Kabla hujampa ndugu majibu, umemuuliza mgonjwa?

Sista wa Wodini (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Mimi ni muuguzi, hospitali sitaitaja na mkoa sitautaja. Nimekaa wodi ya wanawake muda mrefu na kuna jambo linajirudia mpaka nimeona nilete hapa tuliongee, maana linaumiza watu na wengi wanaolifanya wanadhani wanasaidia.

Mgonjwa anakatwa kinyama kinapelekwa maabara, majibu yanachukua wiki kadhaa. Siku yanatoka mgonjwa yuko kitandani anasubiri na wanawe wako koridoni. Dokta anatokea na bahasha, mtoto mkubwa anamvuta pembeni, dokta tuambie sisi, mama usimwambie presha yake itapanda. Dokta ana foleni ndefu kliniki, anaona hawa ndo wanaolipa, ndo wanaoleta chakula, anawaambia na karatasi anawapa. Kuna familia moja waliisoma karatasi pale pale kwenye ngazi, mmoja akaipiga picha akaitupia kwenye grupu la ukoo la WhatsApp ili watu waanze kuchanga, nia nzuri kabisa. Jioni mama wa watu kapigiwa na wifi yake wa Songea, "pole wifi, tumesikia kansa, tupo pamoja kwa maombi". Mimi nilikuwa namtundikia dripu. Akaishusha simu kifuani bila kukata, yule wifi bado anaongea, akaniuliza sista ni kweli? Dokta keshaondoka, na mimi siruhusiwi kumpa majibu ya kipimo kile.

Huyu mama akili zake timamu. Alikuwa mweka hazina wa kikoba chao, hela za wanawake wenzake ziko kwenye daftari lake, akiwa kitandani wanampigia kuuliza nani kalipa nani bado. Lakini kwenye ugonjwa wake mwenyewe hakuna aliyemuuliza majibu yakitoka tumwambie nani.

Ninachosema ni kwamba undugu peke yake hautoshi kumpa mtu majibu ya mtu, na kulipa bili pia hakutoshi. Ruhusa anatoa mgonjwa. Katiba yetu ya Tanzania Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, na tangu 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti zinazotaka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Kuna mazingira sheria imeyatoa, mfano kumtibu huyo mgonjwa, au mtu hajitambui na uhai wake uko hatarini. Kumwambia mtoto kwanza kwa sababu mama ana presha sijaona mahali imeandikwa.

Naomba michango yenu, hasa mliouguza.

Mkwawa wa Mjini

Sista nakuheshimu ila hapo nakupinga. Mimi nimeuguza baba, niliuza ng'ombe, nimelala kwenye benchi la hospitali. Mzee wa miaka 78 ukimwambia ana kansa ya tezi dume anakata tamaa siku hiyo hiyo, chakula hali, anageukia ukutani. Nyie mnaenda nyumbani shifti ikiisha, anayebaki naye ni mimi. Kwetu mgonjwa ni wa ukoo na ukoo ndo unaamua nini asikie na nini asisikie. Haya mambo ya mtu binafsi yamekuja na sheria hizi za juzi, wazee wetu waliuguzana vizuri tu bila hizo.

Mwalimu Debora

@Mkwawa hata mimi nilifikiri hivyo kwa mama yangu mpaka alipofariki tukakuta ameandika kwenye Biblia yake nyuma "najua ninachoumwa, nawaacha wanangu waendelee kunificha wasiumie". Yaani alikuwa anatulinda sisi.

Sista wa Wodini (mleta uzi)

Dada Debora pole sana, hayo maneno ni mazito.

Kaka Mkwawa pole na mzee, na ulichofanya kuuza ng'ombe na kulala benchini ni kazi kubwa, sikudharau hata kidogo. Ila sikiliza, hakuna anayekukataza kujua. Kinachotakiwa ni mzee aulizwe mapema, kabla kipimo hakijachukuliwa, akiwa na dokta wawili tu, mzee majibu yakitoka ungependa nani awepo? Wengi wanajibu mwanangu wa kwanza awepo. Wapo wanaosema kabisa mimi msiniambie, ongeeni na mwanangu. Hiyo nayo ni ridhaa, inaandikwa kwenye faili, anasaini au anaweka dole gumba, na sisi tunaifuata. Mzee ameamua kutokujua na uamuzi ni wake. Tofauti ni kubwa sana na kuamuliwa na mtu mwingine hata kama huyo mtu anampenda.

Halafu mzee anajua kaka. Anapelekwa kwenye mashine ya mionzi, anakaa benchi moja na watu ambao wote wanaongea habari ya kansa, dawa zinamnyonyoa nywele, halafu mtoto anamwambia ni vidonda vya tumbo. Anajua, ila hana wa kumuuliza kwa sababu kila akiuliza watu wanabadilisha mada. Na kuna mambo mtu anataka ayamalize akiwa na nguvu, shamba ambalo hati haijabadilishwa jina, deni alilomkopesha jirani, mtoto wa nje ambaye hajawahi kumtaja kwenu. Ukimwambia ni vidonda vya tumbo atasema nitayamaliza mwakani.

Na hilo la kukata tamaa lipo, sikatai. Ndo maana majibu hayatolewi mlangoni huku dokta amesimama. Mtu akalishwe, aulizwe anajua nini mpaka sasa, apewe taratibu, na aliyemchagua awe pembeni yake.

Kamanda wa Ofisi

naomba kuuliza tofauti kidogo, mimi nipo HR kiwandani. mfanyakazi analeta ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) ya siku tano imeandikwa tu apumzike, ugonjwa haujaandikwa. bosi ananibana anataka kujua anaumwa nini maana wengine ED za kununua tunazijua. nikipiga simu hospitali naruhusiwa kuambiwa? ukizingatia bima inalipwa na kampuni

Tabibu Mstaafu

Kamanda, hapana, na mtu wa hospitali akikuambia kwenye simu amekosea, tena kwa mtu ambaye hata sura yake haioni.

Angalia unachohitaji kama mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na wewe una haki ya kudai cheti cha daktari. Kazi ya cheti ni kusema huyu hawezi kazi kuanzia tarehe fulani mpaka fulani. Akirudi unaweza kuhitaji kujua kazi gani asipewe, mfano asinyanyue mizigo wiki sita. Hapo meneja anampangia kazi nyepesi, ya nini kujua kama alipasuliwa ngiri au kizazi?

Ukihisi ED ni ya kununua, ichukue kopi, andikia hospitali barua uulize kama karatasi ile imetoka kwao na dokta aliyesaini yupo. Watajibu ndiyo au hapana na ugonjwa hautatajwa. Kwa ajali ya kazini ni habari nyingine, pale kuna Mfuko wa Fidia na ripoti ya daktari inakwenda kwenye Mfuko kwa utaratibu wake.

Kuhusu bima, kampuni kulipa mchango haijanunua mafaili ya watu. Fomu ya madai inayobeba ugonjwa inatoka hospitali kwenda kwa mwenye bima ili alipe, haitakiwi kupitia mezani kwako. Na nyie wafanyakazi mnaosoma hapa, zile fomu za siku ya kwanza kazini zisomeni. Kuna fomu zina mstari mmoja chini kabisa unaosema naruhusu taarifa zangu zote kutoka kituo chochote zitolewe kwa yeyote atakayeteuliwa na kampuni. Watu wanasaini wakiwa na furaha ya kupata kazi. Mna haki ya kuuliza taarifa zipi, za lini, anapewa nani. Kipimo cha ukimwi kwa lazima ili upate ajira ndo kabisa, sheria ya ukimwi ya 2008 hairuhusi.

Naishi na Matumaini

Nimesoma uzi wote nikasita kuandika ila acha niandike. Mimi natumia dawa, mwaka wa ngapi sasa nimezoea. Kituo cha karibu na kwangu natembea kwa mguu, lakini dawa nachukulia wilaya nyingine napanda gari mbili. Sababu ni kwamba pale karibu mhudumu mmoja ni mtu wa mtaani kwetu, na siku moja mama mwenye nyumba akaniuliza "zile dawa zako unaendelea nazo?" Sijawahi kumwambia. Hakunifukuza ila watoto wake wakaacha kuja kwangu kuangalia TV. Nikahama nyumba na nikahama kituo.

Watu wanadhani siri inavuja kwa faili kuibiwa. Siri inavuja kwa kadi kuachwa juu ya meza, kwa jina kuitwa kwa sauti dirishani, kwa benchi la CTC, kliniki ya sisi tunaotumia dawa za VVU, kuwekwa mahali ambapo kila anayepita getini anaona waliokaa. Chupa ya dawa nayo inapiga kelele kwenye mkoba, naweka pamba ndani. Na wale wa zahanati wanaotumia madaftari ndo usiseme, daftari linatoka kwa dokta linapita maabara linapita dirisha la dawa linarudi, kila mkono unafungua ukurasa unaotaka.

Natamani anayefanya kazi pale ajue kwamba neno lake moja kwa jirani mimi nimelilipia nauli ya miaka.

Sista wa Wodini (mleta uzi)

Ndugu yangu asante kwa kuandika na pole sana. Hilo la benchi na la kuita majina nalichukua nalipeleka kwenye kikao chetu cha wodi, maana kuita kwa namba hakuhitaji bajeti.

Mume Halali

Sawa lakini mume na mke ni mwili mmoja. Mke wangu akipima kitu chochote kwanini nisiambiwe? Nimetoa mahari, nimefunga ndoa kanisani. Mbona kwenye upasuaji mnatuita tusaini?

Tabibu Mstaafu

Swali zuri mkuu na jibu lake lina pande mbili.

Kwenye VVU sheria ya 2008 imeweka utaratibu wake. Anayejua ana maambukizi anatakiwa amjulishe mwenza wake, na mwenza ametajwa miongoni mwa wachache wanaoweza kupewa majibu, pamoja na mzazi au mlezi wa mtoto, na mahakama. Kwa hiyo pale hauko nje kabisa. Hata hivyo vituoni tunaanza na aliyepima, tunamsaidia aseme mwenyewe, wengine tunawaita wote wawili mshauri akiwepo, kwa sababu wapo wanawake waliorudi nyumbani na majibu wakaishia kupigwa na kutupiwa mabegi nje. Sheria ile ilirekebishwa 2019, siku hizi mtu anaweza kujipima mwenyewe na umri wa kupima bila ruhusa ya mzazi umeshuka kutoka 18 hadi 15.

Kwa mengine hiyo njia haipo. Mkeo akifanya kipimo cha mimba, akichukua njia ya uzazi wa mpango, akienda kwa daktari wa akili, mwenye majibu ni yeye. Na ule utaratibu wa kumuita mume asaini upasuaji ni mazoea yaliyoota mizizi, mtu mzima mwenye akili timamu anasaini mwenyewe. Nimeshuhudia mama mjamzito anasubirishwa upasuaji kwa sababu mume yuko safarini simu haipatikani, na mama mwenyewe yuko pale anaongea anasema jamani nipasueni.

Nikuombe kitu mkuu, muulize mkeo. Ukiwa unaulizika vizuri nyumbani hutahitaji kumuuliza sista.

Kilindini Boy

Salamu kutoka Mombasa. Haya mambo kwetu Kenya yalifika kortini kabisa. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na walezi wao na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Serikali ilisema yataka kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzao wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua agizo lile lakiuka katiba, haki ya faragha ya Ibara ya 31 na maslahi ya mtoto ya Ibara ya 53, na zile orodha zihifadhiwe kwa namna ambayo jina la mtu haliunganishwi na hali yake.

Fikiria mtoto wa darasa la nne, orodha iko kwa mwalimu mkuu, mwalimu ana karani, karani ana mtoto darasa hilo hilo.

Baada ya hapo tumepata Sheria ya Afya ya 2017 yenye kifungu cha usiri na cha ridhaa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ukilalamika kwa Kamishna wa Data yatakiwa malalamiko yaamuliwe ndani ya siku 90. Na Desemba 2025 limerudi kwa sura nyengine, serikali imetia saini mkataba wa afya na Marekani, watu wakaenda kortini na Mahakama Kuu ikasimamisha kwanza kile kipengele cha kupeana data za afya. Mimi sipingi msaada, dawa nyingi zetu zimetokana na msaada huo. Lakini mgonjwa wa Likoni akitoa damu yake pale zahanati, ridhaa aliyotoa ilikuwa ya kutibiwa Likoni.

Boda Mzoefu

Wakuu na polisi je? nilipata ajali askari akaja wodini anataka faili langu lote aangalie kama nilikuwa nimelewa

Tabibu Mstaafu

Pole mkuu. Polisi wana fomu yao ya matibabu, PF3. Inatolewa kituoni, daktari anajaza majeraha aliyoyaona ya tukio lile, anasaini, inarudi polisi na kesi ikifika mahakamani inaweza kuwa kielelezo. PF3 haifungui faili lako la miaka yote, kifua kikuu ulichougua zamani hakihusiani na ajali. Wakihitaji zaidi waandike kwa mganga mfawidhi au waje na amri ya mahakama. Muuguzi wa zamu usiku asibebeshwe uamuzi huo.

Kamanda wa Ofisi

asante tabibu, nimeelewa. nitaongea na bosi tubadilishe ile fomu yetu, ina sehemu ya "taja ugonjwa"

Neema K

Dada sista naomba msaada. Nataka faili langu mwenyewe, nilijifungua kwa upasuaji hospitali moja, nimehamia mkoa mwingine, nina mimba tena, dokta wa huku anauliza kilitokea nini na mimi sijui. Nilipoenda kuomba wakaniambia faili ni mali ya hospitali.

Sista wa Wodini (mleta uzi)

Neema hilo linaniudhi sana maana linatokea kila siku. Tunampa shemeji asiyehusika lakini mwenye mwili wake tunamnyima.

Karatasi ni ya hospitali, ni kweli, wanatakiwa waitunze na hutaondoka nayo. Kilichoandikwa ndani ni habari zako na sheria ya 2022 inakupa haki ya kuzipata. Fanya hivi, andika barua fupi kwa mganga mfawidhi, weka jina ulilojiandikishia wakati ule (wengi huwa wamebadilisha baada ya ndoa, halafu faili halionekani), tarehe ya kulazwa na kutoka, namba ya faili kama una kadi ya zamani, na kopi ya kitambulisho. Omba muhtasari wa matibabu na hasa karatasi ya upasuaji, maana dokta wako wa huku anataka kujua kizazi kilichanwa kwa mkato wa namna gani na sababu ilikuwa nini, hapo ndipo ataamua kama unaweza kujaribu kujifungua kawaida. Ukishindwa kusafiri, mtume mtu na barua ya ruhusa uliyosaini inayosema anachukua nini. Asipewe zaidi ya hicho. Wakikataa bila sababu waulize nani anashughulikia malalamiko ya wateja, na zaidi ya hapo ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Na usichelewe, usisubiri mpaka mimba ifike mwezi wa tisa.

Mkwawa wa Mjini

Sista nimerudi. Bado sijakubaliana na yote ila hilo la kumuuliza mzee mwenyewe anataka nani aambiwe halijawahi kunijia. Kwa baba limeshapita. Mama yangu ana kliniki ya moyo wiki ijayo, mimi ndo nampeleka. Nikae nje?

Sista wa Wodini (mleta uzi)

Kaka mwulize njiani, kwenye gari, siyo mbele ya dokta maana pale atasema ndiyo ili usijisikie vibaya. Akitaka uingie, ingia, ila muache aongee yeye. Na dokta akikuangalia wewe na kumjibu wewe wakati aliyeuliza ni mama, geuza uso wako kwa mama.

Mtoto wa Marehemu

Nami niulize. Baba amefariki, alikuwa ameandika wosia, kaka zetu wa mama mkubwa wanasema wakati ule hakuwa na akili timamu. Wanataka faili lake. Mmoja anasema kuna mtu masjala anaweza kutoa kopi kwa hela kidogo. Usiri si unaisha mtu akifa?

Tabibu Mstaafu

Pole kwa msiba. Hauishi. Kiapo cha madaktari cha Geneva, tangu kiliporekebishwa 1968, kinasema siri ya mgonjwa inatunzwa hata baada ya kufa kwake.

Njia ipo na ni mahakama. Shauri la mirathi likifunguliwa na akili ya marehemu ikawa ndo hoja, yeyote kati yenu anaweza kuiomba mahakama iite faili, na daktari aliyemtibu anaweza kuitwa kueleza hali yake tarehe ile ya wosia. Jaji au hakimu anaangalia kinachohusu wosia, na yale mengine ya mzee yanabaki yalipo. Ile kopi ya masjala msiiguse. Aliyeitoa atapoteza kazi, na mkiifikisha mbele ya hakimu swali la kwanza mtakaloulizwa ni mmeipata wapi.